Aliyepangiwa Kutoona

Siku Milka Berrutti alipomkata mke wa wakili nywele za mbele zikatoka na mteremko kama paa la zizi, ndipo mji wote wa Sarandí del Yí ulipojua kuwa macho yake yanakwenda. Mwenyewe alikuwa anajua zamani. Alishaacha kupaka watu rangi, kwa kuwa kahawia na nyekundu kwake vilikuwa vimekuwa ndugu wa tumbo moja, na mama mmoja wa kwaya alishatoka saluni na kichwa cha jogoo. Watu walisamehe. Milka alikuwa na mdomo wa kufurahisha. Ukikaa kwenye kiti chake unasahau kichwa chako kwa muda, na kwa hali ya mkono wake siku zile, kukisahau ndiyo ilikuwa busara.

Daktari wa macho kule Montevideo, mji mkuu, hakuwa mtu wa utani. Jicho la kushoto limekwisha, alisema. La kulia lina doa katikati, doa linakua, na dawa ya kulirudisha nyuma haipo. Ataendelea kuona pembeni: milango, mbwa, watu wanaopita. Kile atakachokikazia ndicho kitakachopotea.

"Kwa hiyo mume wangu nitamwona nisipomtazama," Milka alisema.

"Ndivyo, mama."

"Si haba. Ndivyo tulivyoishi."

Alicheka peke yake. Kwenye basi la kurudi nyumbani alilia mpaka abiria wa kiti cha jirani, mwanamume asiyemjua kwa jina wala kwa sura, akamjazia kibuyu chake cha yerba, ile chai chungu ya kunyonywa kwa mrija, akampa na kugeukia dirishani ili anywe kwa amani. Milka alikunywa. Hakuwa analilia saluni. Nywele za watu angeziacha hata kesho, na watu wangemshukuru. Alikuwa analilia nyota, nyota moja tu.

Shemeji yake Elbio, mdogo wa mumewe na fundi wa pampu za maji mashambani, ndiye aliyemwingiza kwenye ugonjwa huo miaka kumi na moja nyuma. Kuna kundi la watu wazima na akili zao, wengi wana watoto na deni la friji, ambao hungojea jiwe. Jiwe hilo, asteroidi, liko mbali mno, dogo mno, hata darubini zao haziwezi kulionyesha. Lakini likipita sawasawa mbele ya nyota, nyota huzimika kama mshumaa uliofunikwa kwa kopo, ikakaa gizani pumzi moja au mbili, kisha ikawaka tena. Wakati huo kivuli cha jiwe kinakuwa kinapita juu ya nchi kama ukanda. Wale watu hujipanga kuukata ukanda ule kwa mstari, mmoja hapa, mwingine kilomita kadhaa mbele, kama nguzo za ua. Kila mmoja akisema nyota yake ilizimika lini na ikarudi lini, umbo la jiwe ambalo hakuna aliyeliona linajitokeza kwenye karatasi.

Na ua lazima uwe na nguzo za mwisho. Lazima mtu asimame nje ya kivuli, macho kodo kwenye nyota, ashuhudie kwamba haikutokea kitu. Bila huyo, hakuna ajuaye jiwe linaishia wapi. Taarifa yake ni neno moja: hasi.

Milka alikuwa malkia wa hasi. Mwanzoni ilikuwa mawingu. Kisha ikaja jioni safi kama sahani iliyooshwa, naye akaitazama nyota isiyo yake, kwa uaminifu mkubwa, mpaka mwisho. Mara nyingine ndama alilamba kioo cha darubini. Baadaye wenzake wakanunua kamera, kompyuta zikawa zinanasa kila kitu, yeye akabaki na jicho lake, kinasa sauti, na kidubwana cha Elbio kinacholia tik kila sekunde, ili sauti yake ikisema "sasa" na "tena" ijulikane ilisema lini. Jicho la binadamu ni zito kuliko kamera. Ukingoni, ambako hakitokei kitu, uzito si kosa. Kwa hiyo wakawa wanampanga ukingoni, kwa heshima zote, mwaka baada ya mwaka. Katika mkutano wa kundi wa kila mwisho wa mwaka, aliyekwisha kupata nyota ndiye humimina yerba. Ambaye hajapata hunywa na kushukuru. Milka alikuwa ameshukuru vya kutosha.

Kisha ikatangazwa jioni moja ya mwezi wa nane. Nyota yenyewe haina jina, ina namba tu, karibu na mkia wa kundinyota la Nge, lakini inang'aa kiasi kwamba hata jicho lenye doa lingeiona ndani ya darubini. Na katikati ya kivuli kungepita juu ya Sarandí del Yí. Si karibu na mji, juu ya paa la saluni. Nyota kama hiyo, kwa upande ule wa nchi, haikuwa na mwenzake kwenye kalenda mpaka kiangazi, na kufikia kiangazi Milka angekuwa wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Alinunua betri mpya za kinasa sauti. Alianza kulala mapema kama bondia.

Siku moja kabla, mwalimu Yamandú alipiga simu kutoka Durazno. Yeye alikuwa mwalimu wa fizikia, na ndiye aliyepanga nguzo.

"Dada Milka, umekaa?"

"Nimesimama na mkasi, na mtu chini yake. Sema upesi."

"Mahesabu mapya yametoka. Kivuli kimehama. Kaskazini, kilomita arobaini hivi."

Milka alizima feni ya kukaushia nywele. "Basi nahama nacho."

"Ndiyo maana nimekupigia. Wewe na Elbio msihame nacho. Mtasogea kusini kidogo, pale lango la shamba la Arrillaga. Patakuwa ukingo wetu."

"Mwalimu. Mimi nimekuwa ukingo miaka kumi na moja. Mtu akiniuliza asteroidi ni nini nitamwambia ni kitu kisichotokea."

"Huku juu nina kamera tano. Huko chini sina mtu."

"Una Elbio na kamera yake. Mimi kwenye gari la Elbio ni mzigo kama thermosi. Nichukue."

"Kwa gari gani, dada? Langu limejaa wanafunzi na darubini hadi kwenye buti."

"Toa mwanafunzi mmoja. Wana miaka hamsini mbele yao ya kutazama mawe. Mimi nina macho ya miezi miwili. Mitatu kama Mungu ni mteja wangu."

Mwalimu Yamandú hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi, maana mtu mbaya angalau ungemtukana ukalala.

"Ningekuwa na gari la pili ningekufuata mwenyewe," alisema.

"Na ungekuwa na mabawa ungekuwa kuku," Milka alisema, akakata simu. Mteja aliyekuwa chini ya mkasi alitoka na masikio yote mawili, akamshukuru Bikira.

Usiku ule alimgeukia mumewe. Dardo aliendesha lori la mifugo, na alikuwa mezani anapaka mkate maziwa ya karameli.

"Mzee, kesho jioni nipeleke kaskazini."

"Kesho jioni nina ng'ombe thelathini wa watu, mnada unawasubiri."

"Nipakie nao."

"Wao wana kibali cha kusafiri."

Hapo kwa kawaida wangecheka. Milka hakucheka, na Dardo akaweka kisu chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yalikuwa kuhusu breki. "Milka, kama ningeweza..."

"Najua. Kila mtu kama angeweza angeniokoa. Nimezungukwa na malaika wasio na usafiri."

Elbio ndiye aliyekuwa tumaini la mwisho. Alikuja kesho yake mchana na kigari chake chekundu, darubini zimelazwa kiti cha nyuma zimefungwa blanketi kama wagonjwa. Milka aliingia, akafunga mkanda, akatazama mbele.

"Kaskazini, shemeji."

"Shemeji, usinifanyie hivi."

"Ukifika barabara kuu, kata kushoto. Kazi ndogo. Hata mjinga anaweza, na nina imani na wewe."

"Nguzo ikitoka kwenye shimo lake ua unalala. Wenzetu watano huko juu watapata kitu kisicho na mwisho." Elbio alishika usukani kwa mikono miwili na gari halijawashwa. "Na sikiliza. Mahesabu haya si yalihama? Yaliyohama juu jana yanaweza kukosea leo. Mwaka ule wa baridi kali si yalikosea?"

Hilo ndilo lililompeleka. Hakwenda kusini kwa wajibu, hata kidogo. Alikwenda kwa sababu, katika dunia nzima, tumaini pekee lililokuwa limebaki ni kwamba mwalimu wa fizikia amekosea hesabu, na Milka alikuwa amesoma naye shule ya msingi, alikumbuka anavyokosea.

Walifika lango la Arrillaga jua likiwa linazama nyuma ya mikaratusi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ndege wa malishoni waliwapigia kelele kama wenye shamba, kisha wakazoea. Elbio alifunga kamera yake, akaunganisha kompyuta, akaifunika kwa sanduku la matofaa ili mwanga wake usimsumbue shemejiye. Milka alisimamisha darubini yake kwa kupapasa. Skrubu zile mikono yake ilizijua kuliko vichwa vya wateja. Nge alikuwa juu kabisa, mkia umejikunja. Kuipata nyota kulimchukua muda, maana kila alipoielekea ilijificha ndani ya doa. Mwishowe akafanya kama daktari alivyosema: akatazama pembeni kidogo, kama mwanamke anayemwangalia mwanamume kanisani, na nyota ikajitokeza, ndogo, nyeupe, imetulia.

"Ninayo," alisema.

"Na mimi ninayo. Ananasa." Elbio kompyuta yake alikuwa anaiita "yeye".

Kidubwana kikaanza, tik, tik, tik. Milka alishusha pumzi kidogo kidogo ili mvuke usipande kwenye kioo. Alijua dakika yenyewe. Dakika ikaja. Nyota ilikuwa pale. Alijiambia sasa, sasa hivi, mwalimu amekosea, Yamandú mwana wa muuza sabuni amekosea, itazimika. Nyota ilikuwa pale. Tik, tik. Ilikuwa pale kwa ufedhuli, kama mgeni asiyejua kuaga. Dakika ikapita.

Yamandú hakuwa amekosea.

Milka hakulia wala hakutukana. Kitu fulani ndani yake kilikaa chini. "Zima, shemeji," alisema.

"Tunatakiwa kungoja kidogo. Kanuni inasema tuendelee dakika tatu baada ya hapo, huenda jiwe lina..."

"Elbio. Zima hiyo kompyuta. Tumeona tulichopangiwa. Nimechoka kushuhudia kutokutokea. Zima, nimiminie yerba, tukale."

Kwa sauti ile hata mnyama angetii. Elbio alibonyeza, sanduku la matofaa likawa giza, akainama kwenye gari kutafuta thermosi. Milka hakuondoa jicho. Hakuwa anatazama kwa kazi tena. Alikuwa anaiaga, kama unavyomtazama mtu ambaye basi lake limeshaondoka. Kinasa sauti alikisahau, kilikuwa bado kinazunguka.

Nyota ikazimika.

Haikufifia, haikuyumba. Ilikuwako, haikuwako. Mdomo wake ulisema "sasa" wenyewe. Tik. Kisha nyota ikarudi, nao mdomo ukasema "tena," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechomwa.

"Umesema nini?" Elbio aliuliza, kichwa ndani ya gari.

"Umezima?"

"Umeniambia nizime."

"Elbio, umezima?"

Elbio alisimama na thermosi kwapani, akaelewa. Wote wawili walilijua jambo lile; kila mtu kwenye kundi analijua, ndiyo maana ya dakika tatu. Mawe mengine yana miezi. Kijiwe kidogo kinaweza kuwa kinalizunguka jiwe kubwa, na kivuli chake kikadondoka peke yake mbali na kile kikubwa, kikamwangukia mtu wa ukingoni, mtu wa hasi. Kamera ingekinasa. Kamera ilikuwa imekufa, na aliyeamuru iuawe ni Milka.

"Labda ni jicho," Milka alisema.

"Labda si jicho."

"Kuna mtu mwingine aliyekuwa anaitazama, zaidi ya ng'ombe?"

Elbio alikaa kwenye majani yenye baridi kama kwenye kochi. Alikuwa mcheshi wa ukoo, mtu wa kuvunja mbavu kwenye misiba, lakini aliongea taratibu. "Nitasema nami niliiona. Kwenye kioo cha kompyuta. Nitasema ilinasa, faili likaharibika. Mafaili yanaharibika kila siku, shemeji. Nani atabisha?"

Milka alimtafuta gizani, akageuza uso pembeni ili amwone. Alikuwa pale, mdogo, amejikunyata, mwaminifu mpaka anatia hasira.

"Ukisema hivyo," alisema, "hata kama ilikuwa kweli itakuwa umeiua. Nyamaza unipe kibuyu."

Mwalimu Yamandú alipopiga alikuwa anapaza sauti, nyuma yake wanafunzi wanaimba. Kaskazini wote watano walikuwa wameipata. "Na ukingo? Hasi, sivyo?"

Milka alimweleza yote, pamoja na kwamba yeye ndiye aliyeamuru kamera izimwe. Alimwambia na kuhusu jicho. Upande wa pili uimbaji ulikatika. Mwalimu lazima alikuwa ametoka nje ya gari.

"Ngoja. Ilikuwa ghafla? Hukupepesa?"

"Ghafla kama swichi. Kupepesa ningejua."

"Dada Milka, hiyo inaweza kuwa mwezi." Alikuwa anapumua kama aliyekimbia. "Mwezi wako. Baada ya wiki mbili jiwe hilihili linapita mbele ya nyota nyingine, upande wa Córdoba. Nitawaandikia Waajentina. Watatuma watu ukingoni kuutafuta. Kuna mzee mmoja kule ataendesha gari usiku kucha, namjua, na mwanawe na darubini kubwa."

"Na kama ni jicho?"

"Jicho lako unalijua wewe," alisema, bila ubaya.

Hilo ndilo tatizo, hakulijua. Angetaka kulijua angepaswa kulitazama likifanya kazi. Na njia ya kulitazama ilikuwa moja tu. Nyota ni ileile, mkia ni uleule, kila jioni. Jiwe limeshakwenda zake, halirudi mbele yake maisha yote. Akiitazama jioni kwa jioni bila nyota kuzimika, basi kilichotokea kwa Arrillaga ni cha mbinguni. Ikizimika, si cha mbinguni.

Kwa hiyo kila jioni alifunga saluni mapema, akaweka darubini uani, akaitazama. Dardo alimletea kiti na blanketi, kisha akaleta cha kwake. Hakuuliza maswali. Siku nyingine alisinzia akakoroma, na mkoromo ulienda sambamba na tik, tik. Nyota ilikaa. Jioni ya pili ikakaa. Milka alianza kuogopa furaha yake, akawa mkali kwa wateja, akakata nywele vibaya kwa makusudi kidogo. Usiku alijilaza akijiuliza mwezi ule una ukubwa gani, una mabonde, unazunguka upande gani. Asubuhi alijionya. Jioni alirudi uani. Hakuna mtu aliyewahi kuitazama nyota kwa kuomba hivyo, kwamba isifanye kitu. Na alikuwa na uzoefu.

Jioni ya tano anga lilikuwa safi mno, hakuna hata ukungu wa kulaumu. Alitazama pembeni, nyota ikiwa imetulia mahali pake. Dardo alikuwa macho, anamenya chungwa.

"Sasa," Milka alisema.

Kisu cha Dardo kilisimama kwenye ganda.

"Tena."

Ilikuwa sawa kabisa. Urefu uleule, ghafla ileile. Alichokitamani miaka kumi na moja, kuona nyota inazimika, sasa angeweza kukifanya mwenyewe, kwa nyota yoyote, bila jiwe wala mwalimu.

"Imezimika?" Dardo aliuliza.

"Imezimika."

"Basi ni vizuri au vibaya?"

Milka aliingia ndani kwa kupapasa ukuta, akatafuta simu, akampa Dardo aliyemfuata ambonyezee namba kwa kuwa tarakimu zilikuwa zimeanza kuliwa na doa moja moja.

"Mwalimu. Andika hasi."

"Imetokea tena?"

"Imetokea."

"Hilo halithibitishi kwamba ile ya kwanza haikuwa..."

"Najua halithibitishi."

"Naweza kuandika shaka. Ni halali, dada. Wengi huandika shaka."

"Shaka watu huipandia gari usiku kucha. Yule mzee na mwanawe. Andika hasi."

"Una hakika?"

"Sina, mwalimu. Ningekuwa na hakika nisingekupigia."

Alimsikia akiandika, au labda akikuna karatasi tu kumridhisha. Kisha akasema asante, kama alivyosema kila mwaka, na safari hii sauti yake haikufika mwisho wa neno.

Milka alirudi uani. Dardo alikuwa ameshatangulia, amesimama karibu na darubini, mikono nyuma, kama mtu aliye karibu na jeneza la asiyemfahamu. Alimpa nusu ya chungwa. Milka aliila akiwa amesimama, akatemea mbegu kwenye kiganja, kisha akakaa tena kwenye kiti na kuinamia kioo. Nyota hakuiona. Akatazama kushoto kidogo, haikuwepo. Akatazama kulia.

"Nikusaidie kuitafuta?" Dardo aliuliza.

"Utaijuaje?"

"Nionyeshe."

Alimvuta kwa mkono wa koti, akamkalisha, akamwambia afumbe jicho lile lingine. Akaanza kumweleza, akiwa nyuma yake na hajui tena darubini imeelekea wapi: kuna mbili zilizokaribiana, achana nazo, shuka chini, kuna moja nyeupe iko peke yake.

"Ipo," Dardo alisema baada ya muda mrefu.

"Inafanya nini?"

"Haifanyi kitu, Milka. Ipo tu."